Silipwi Kubembeleza Kompaila

Ninalipwa kuandika programu. Silipwi kubembeleza. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu mtu akipita hapa kwangu Mkuyuni, Mwanza, akachungulia dirishani, atanikuta nimeinama mbele ya kompyuta nikiiandikia mashine maneno ya unyenyekevu: hii naomba uipachike, hii naomba uitengenezee nakala yake, hii usiiguse kabisa, hii subiri kidogo kwanza. Na mashine iko pale pale. Haikatai, haikubali. Inaendelea na mambo yake, nami naendelea kuomba.

Kazi yenyewe ni ya kawaida tu. Kuna mzee mmoja wa dagaa, ananunua Mwaloni kule Kirumba na kupakia malori kwenda Kongo. Wavuvi anawalipa kwa shilingi, huko anakouza anapokea faranga za Kongo, na wateja wakubwa wanamlipa kwa dola. Madaftari yake ya miaka yote yamejaa kabati hadi mlango haufungi. Akataka programu ya kumjumlishia kila kitu: magunia, kilo, pesa za kila aina, kwa kila safari na kwa kila dereva, mpaka ajue ni nani anamwibia. Hilo la mwisho ndilo alilolitaka hasa. Mengine yalikuwa ya kusindikiza.

Nikaiandika kwa Haskell. Najua mnachotaka kuniambia. Vijana wa mjini wameshaniambia, tena kwa sauti ya kunihurumia: kaka, kwa nini usitumie Python kama watu wengine? Haskell ni lugha ya watu wa hesabu. Kamati ya wasomi iliitoa mwaka 1990 na kuipa jina la Haskell Curry, Mmarekani wa mantiki aliyefariki mwaka 1982. Humo ndani huandiki amri za kufuatana, fanya hiki halafu kile. Unaandika funksheni kama zile za darasani: ukinipa hiki, jibu lake ni hili. Na inajali aina za vitu kupita kiasi. Nimeifundisha kwamba Shilingi ni aina moja, Faranga ni aina nyingine na Dola ni ya tatu. Ukijaribu kujumlisha shilingi na dola inakukatalia hata kabla programu haijaanza kufanya kazi. Kwa mtu anayefanya biashara na Kongo, hiyo peke yake inatosha. Python ingejumlisha ikanyamaza, na mzee angewafukuza madereva wote.

Ahadi kubwa ya lugha za namna hii ni kwamba wewe unasema unataka nini, na namna ya kukipata inabaki kwa mashine. Mimi ahadi hiyo niliipenda sana. Ndiyo maana nina uchungu.

Nikaandika funksheni moja, nikaiita jumla. Inajumlisha orodha ya kitu chochote kinachojumlishika, iwe shilingi, faranga, dola au kilo zenye nukta. Mstari wake wa kwanza ni huu:

jumla :: Num a => [a] -> a

Yaani nipe orodha ya vitu, vya aina yoyote mradi ni vya kihesabu, nami nitakurudishia kimoja cha aina hiyo hiyo. Umaridadi mtupu. Nikaiweka kwenye faili lake la zana, nikaiita kutoka mafaili mengine, nikaipa madaftari ya mzee. Ikakokota. Ikakokota hadi nikatoka kwenda kununua maandazi, nikarudi, nikala, bado inakokota.

Anayekaa Mkuyuni ataelewa tatizo haraka. Wengi wetu hatukai barabarani, tunakaa juu kwenye mawe. Nyumba imekalia jiwe, choo kimeegemea jiwe jingine, na njia ya kushuka ni kuruka jiwe hadi jiwe huku umeshika ukuta wa jirani. Duka liko chini, karibu na Barabara ya Kenyatta. Kiberiti kikiisha, unashuka. Unapanda unahema. Ukifika juu unakumbuka chumvi. Unashuka tena. Kiberiti chenyewe hakina bei. Kinachokumaliza ni mlima.

Kuita funksheni ni kushuka dukani. Programu inaacha shughuli yake, inafungasha vitu vyake, inaruka hadi sehemu nyingine ya kumbukumbu, inafanya kijikazi cha kujumlisha namba mbili, inarudi. Kujumlisha kwenyewe ni kufumba na kufumbua. Safari ndiyo inayokula muda. Basi kuna neno INLINE unaloweza kuliandika juu ya funksheni, kuiomba kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, ichukue mwili wote wa funksheni hiyo na kuunakili pale pale inapoitwa. Kiberiti kinakaa jikoni, hakuna cha kushuka. Na faida ya pili inaipita ya kwanza. Vitu vikiwa jikoni, mpishi anaviona na kupanga mapishi kwa kujua vipo. Kompaila ikiuona mwili wa funksheni mahali unapotumika, mara nyingi inagundua kwamba nusu ya mahesabu hayana kazi, inayafuta.

Halafu kuna SPECIALISE, na huyo ni mwenye duka. Duka letu linauza kila kitu, na mwenye duka hana kumbukumbu. Ukimwomba unga anafungua daftari: unga unapimwaje? Kwa kilo. Mafuta? Anafungua daftari: kwa kikombe. Dagaa? Daftari: kwa kopo. Ukinunua unga mara ishirini mfululizo, mara zote ishirini atafungua daftari. Jumla yangu ndivyo inavyofanya. Kwa kuwa inakubali namba ya aina yoyote, kila ikiitwa inakabidhiwa kwa siri kijitabu kinachoeleza vitu vya aina hii vinajumlishwaje, vinazidishwaje, sifuri yao ni ipi. Wenyewe wanakiita kamusi. Wazo hilo Philip Wadler na Stephen Blott walilitoa mwaka 1989, na ni wazo la akili nyingi, kwa sababu linaruhusu funksheni moja ihudumie aina zote, pamoja na zile ambazo hazijabuniwa bado. Lakini kwa madaftari ya kabati zima, kufungua kamusi kwa kila gunia ni mateso.

Dawa ni kumwambia mwenye duka: mimi ni mtu wa unga wa kilo, nifungie kilo kilo, ziweke pembeni kabisa. Unaandika:

{-# SPECIALISE jumla :: [Shilingi] -> Shilingi #-}

na kompaila inatengeneza nakala ya jumla inayojua shilingi tu, isiyofungua kamusi yoyote. Hata muundo wa maandishi yenyewe mtazameni. Mabano ya mkunjo, kistari, halafu alama ya reli, ile ile tunayomalizia tukiangalia salio kwenye simu. Ukiziondoa hizo reli, kinachobaki ni maelezo ya pembeni ambayo kompaila inayaruka bila kuyasoma. Reli mbili tu ndizo zinazotofautisha ombi rasmi na mtu anayeongea peke yake. Ukikosea tahajia ya neno lenyewe, kwa mfano INLNE badala ya INLINE, programu inajengwa vizuri tu. Utapewa onyo dogo kwamba neno halitambuliki, nalo litapita haraka katikati ya maonyo mengine. Kumbe kuandika SPECIALISE kwa S ya Waingereza au SPECIALIZE kwa Z ya Wamarekani, vyote vinapokelewa, na herufi kubwa au ndogo ni mamoja. Ungedhani mwenye mlango ulio wazi kiasi hicho atakusikiliza.

Masharti yake sasa.

Sharti la kwanza: funksheni inayojiita yenyewe haipachikwi. Na jumla yangu inajiita yenyewe, maana ndivyo orodha inavyopitiwa katika lugha hizi: chukua cha kwanza, kijumlishe na jumla ya vilivyobaki. Sababu naielewa. Ukinakili mwili wake utakuta ndani yake imejiita tena, unakili tena, ndani yake imejiita tena, hadi kiama. Zikiwa funksheni mbili zinaitana, kompaila inachagua moja ya kutoa kafara ili mduara ukatike. Sawa. Lakini ni watu wa Haskell hawa hawa walioninyang'anya kitanzi cha for nilichofundishwa chuoni, wakanipa kujirudia, wakaniambia ndio ustaarabu. Leo wananiambia ombi langu la INLINE halifanyi kazi kwenye vinavyojirudia. SPECIALISE ndiyo haina shida na hilo, na shukrani zangu zinaishia hapo.

Sharti la pili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mwalimu wa hesabu atakuapia kwamba kuandika f x = x + 1 na kuandika f = \x -> x + 1 ni kitu kile kile. Lugha nzima imejengwa juu ya kiapo hicho. Kompaila nayo inakubali, mpaka unapoweka INLINE. Hapo inaanza kuhesabu vitu ulivyoviandika kushoto kwa alama ya sawasawa, na hadi vyote vitimie pale funksheni inapoitwa, haipachiki. Kwa hiyo x ikiwa kushoto ni habari moja, ikiwa kulia ni habari nyingine. Nimekaa usiku wa manane nikihamisha herufi moja kutoka upande huu wa alama ya sawasawa kwenda upande ule, na mtu ananiuliza kazini kwenu mnafanya nini.

Na kuna awamu. Kompaila inaipitia programu kwa awamu, nazo zinahesabiwa kinyumenyume, 2, 1, 0, ili mwenye kutaka kuchanganyikiwa asikose nafasi. INLINE [1] maana yake usipachike mpaka ifike awamu ya 1. Ukiongeza kiwimbi, INLINE [~1], maana yake pachika mpaka ifike awamu ya 1, baada ya hapo acha. Mimi hiyo sikuihitaji. Nimeiandika ili na wewe uumie.

Usipoandika chochote, kompaila inapima yenyewe. GHC, maana ndilo jina la kompaila ninayoitumia, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, ina mizani zake. Funksheni isiyo na kidokezo, yaani ombi kama INLINE, ikizidi ukubwa wa 750, mwili wake hauhifadhiwi kwa ajili ya kupachikwa. Sasa 750 nini? Kilo? Gunia? Kopo? Kuna mzani wa pili wa kuamua kama ipachikwe mahali fulani au la; kwa miaka mingi uliwekwa 60, baadaye ukapandishwa. Mwaka 2002 Simon Peyton Jones na Simon Marlow, wenye kompaila yao, walichapisha makala ndefu juu ya jinsi GHC inavyoamua kupachika, na kwenye kichwa cha makala wakaweka neno lenye maana ya siri. Makala ni nzuri, isomeni. Lakini fundi akiiita kazi yake siri, mteja ufanyeje?

Wenzetu wa lugha nyingine nao hawana nafuu. Scala ina @specialized, OCaml ina [@inline], C ina register, neno la kuomba kitu kiwekwe karibu na prosesa, ambalo makompaila yalilipuuza miaka mingi hadi C++ ya mwaka 2017 ikaamua kuliondolea kazi yake kabisa. Angalau wale walikuwa wakweli.

Basi nikaweka SPECIALISE ya shilingi, ya faranga, ya dola, ya kilo. Kila nakala ni kazi ya ziada kwa kompaila wakati wa kujenga programu, na kompyuta yangu si ya jana. Feni ikaanza kuvuma. Nyumba yetu ina luku moja, wapangaji tunachangia uniti, na mama mwenye nyumba ana masikio ya kusikia uniti zinavyoteremka. Akasimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Mwanangu, hiyo mashine inapika nini?"

"Shikamoo, mama. Inajenga programu."

"Marahaba. Si uliijenga jana?"

"Jana niliijenga, mama. Leo naijenga iende haraka."

Akaisikiliza feni kidogo. "Kwa hiyo unachelewa ili uwahi."

Nikasema ndiyo, mama, ni hivyo hivyo. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu gharama ya nakala maalumu wakati wa kujenga na faida yake wakati wa kutumia, na sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo. Akaondoka akisema mwezi huu nitachanga mara mbili.

Ilipomaliza, shilingi ikaenda mbio. Dola mbio. Faranga ikakokota vile vile. Hapo ndipo nilipotaka kuona kwa macho yangu kompaila imefanya nini na maombi yangu. Inawezekana: ukiiongezea -ddump-simpl inakumwagia programu yako ikiwa katika lugha yake ya ndani, inayoitwa Core. Inamwaga kwelikweli. Mistari michache uliyoandika inarudi kurasa kwa kurasa, majina yamepindishwa, kila kitu kimefunuliwa. Kwenye skrini sikuweza, nikaipeleka stesheneri nikachapishiwe.

"Kaka, hii yote?" binti akauliza, akiangalia namba ya kurasa.

"Yote."

"Ni mkataba?"

"Ni malalamiko," nikamwambia. Akaanza kuchapa bila kuuliza tena.

Nilikuwa bado nimezishika karatasi pale nje mzee wa dagaa alipotokea, maana mdaiwa na mdai hawakosani Mkuyuni. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ameshachukua ukurasa wa juu. Akavaa miwani. Katika Core, majina yanayobuniwa na kompaila yenyewe yanaanza na alama ya dola: $s kwa nakala maalumu, $w kwa nakala iliyopunguzwa mizigo, $f na $d kwa kamusi. Mzee akapitisha kidole mstari hadi mstari.

"Kijana, mbona naona dola tupu hapa?"

"Si dola za pesa, mzee. Ni majina."

"Majina ya nani? Hii $fNumFaranga ni dola au faranga?"

Swali hilo, niwe mkweli, lilikuwa bora kuliko nililokuwa najiuliza mimi. Kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya tatizo. Shilingi ilikuwa na $sjumla yake, safi, haifungui kamusi. Faranga haikuwa nayo. Ilikuwa bado inaenda kwenye jumla ya wote ikiwa imebeba $fNumFaranga, kamusi yake, mkononi, kwa kila gunia. Kwa nini? Kwa sababu mambo ya Kongo niliyaweka kwenye faili lake, mbali na faili la jumla, na ombi la SPECIALISE la faranga likaandikwa huko. Kompaila ilikuwa imelipa onyo ombi hilo, katikati ya maonyo mengine: huwezi kuitengenezea nakala jumla kutoka huku kwa sababu ilikoandikwa haina INLINE wala INLINABLE.

INLINABLE! Sasa hili ni neno la tatu, na ndilo ambalo wangenianza nalo. Haliombi kupachikwa. Linasema tu kwamba mwili wa funksheni hii uhifadhiwe kama ulivyoandikwa, uwekwe hadharani, ili faili lolote linaloiita liuone na kujitengenezea nakala linayoitaka. Nikaweka mstari mmoja juu ya jumla, nikajenga upya, feni ikavuma, na maombi yangu yote ya SPECIALISE nikayafuta, maana kompaila ikishauona mwili inajitengenezea nakala yenyewe bila kuombwa, mradi umeijenga kwa -O. Ukisahau -O, au ukijaribu mambo yako kwenye GHCi kama tunavyofanya wote, vidokezo vyote hivi vimelala.

Mpwa wangu alinicheka. Anajifunza Plutus, ile Haskell ya kuandikia mikataba ya Cardano, mnyororo wa sarafu za kidijitali.

"Mjomba, kwani INLINABLE si lazima?"

"Lazima kwa nani?"

Kumbe kwao ni lazima. Plutus inachukua ile Core ya GHC, niliyokuwa nachapishiwa stesheneri, na kuigeuza iwe programu ya kwenye mnyororo. Isipouona mwili wa funksheni haina cha kugeuza, inakataa kabisa na kukuambia kwamba umetaja jina ambalo si la hapo hapo wala si la nje lenye INLINABLE. Kwa hiyo wale vijana wanaoanza na Plutus wanaiandika juu ya kila funksheni kabla hawajajua ni ya nini. Na si wa mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya IOHK, inayoijenga Cardano, ilifanya kozi ya Haskell Addis Ababa kwa darasa la wanawake watupu, Waethiopia pamoja na wengine kutoka Uganda, baada ya kozi kama hizo Athens na Barbados. Elimu ya kampuni hiyo ilikuwa chini ya Lars Brünjes, mwanahisabati wa Kijerumani. Mikataba ya Plutus ikaanza kufanya kazi kwenye mnyororo wenyewe Septemba 2021. Yaani ng'ambo ya ziwa hili, Uganda hapo, kuna dada anayeyajua mambo haya tangu zamani, na mimi nimekaa nagombana na feni.

Lakini kwa hao wa mikataba ukarimu wa nakala una bei inayoonekana. Muamala mmoja wa Cardano hauruhusiwi kuzidi baiti 16,384. Ukipachika kila kitu kila mahali mkataba wako unavimba, unakataliwa mlangoni. Ilibidi mwaka 2022 waongeze utaratibu wa kuweka mkataba mahali pamoja na miamala mingine iurejelee tu. Wamerudi kulijenga duka chini ya mlima.

Na hapa nina neno na watu fulani. Wako waandishi wa programu, hata kwenye maktaba zinazosifiwa, wanaoweka INLINE juu ya kila funksheni kwa imani. Ukiwauliza umepima? Hapana, ila inaongeza kasi. Inaongeza kasi ya nini? Mtu amebeba duka zima kulipandisha mlimani, amejaza unga uvunguni, mafuta ya taa juu ya kabati, magunia mpaka mlangoni, halafu anashangaa kupita ndani kumekuwa kugumu. Prosesa ina kabati dogo la maelekezo lililo karibu nayo. Kwa nyingi ni kilobaiti 32. Programu iliyovimba haienei humo, na kila mara lazima ifuatwe mbali. Umekimbia safari fupi ya dukani umejitafutia ndefu ya hadi Buhongwa. Na kwenye nyumba ya jirani nako amefanya hivyo hivyo, maana kila faili linalotumia maktaba yake linapata nakala yake ya magunia. Feni yangu inavuma kwa sababu ya mtu nisiyemjua.

NOINLINE ndiyo nisiyoilaumu. Kuna ujanja wa kuweka kihifadhi kimoja cha programu nzima kwa kutumia unsafePerformIO, jina linalojieleza kwamba si salama, na usipoandika NOINLINE juu yake, kompaila inaweza kukupachikia vihifadhi viwili pale ulipotaka kimoja. Hapo usiombe, hapo amuru. Ila ukiikuta kwenye kazi ya mtu, mwangalie vizuri huyo mtu.

Mzee wa dagaa amepata jumla zake. Dereva aliyekuwa anamwibia hakuwa yule aliyemdhania, alikuwa mwingine, na kwenye hilo Haskell haikuhitaji kidokezo chochote. Mimi bado nadai sehemu ya pesa yangu. Anasema nianze na zile dola za kwenye karatasi.

Kwa wanaoitunza GHC nina ombi moja. Onyo la -Wmissed-specialisations mnalo tangu toleo la 8.0. Linamwambia mtu kwamba nakala imeshindikana kwa kuwa funksheni inahitaji INLINABLE. Mbona mmelizima, mpaka mtu aliombe kwa jina lake refu hilo? Liwasheni tangu mwanzo. Kompaila isiyotaka kunitii isinitii, lakini initamkie.

Na wewe msomaji mwenye programu inayokokota: pima kwanza ujue inakokotea wapi, jenga kwa -O, weka INLINABLE kwenye zile funksheni za wote zinazoitwa kutoka mafaili mengine, halafu ondoka mbele ya kompyuta. Uniti tunachanga.